Shona Mwenyewe Turubai la Kufunika Mashua Yako

Pepo za kusi zinapoanza kushika mwezi wa Aprili, mashua nyingi ndogo katika visiwa vya Lamu hupandishwa ufuoni au hufungwa mahali penye hifadhi, zikingoja bahari itulie. Wenye vyombo wengi huamini kwamba mashua iliyo nchi kavu iko salama. Kwa kweli chombo cha mbao huharibika haraka zaidi kikiwa kimekaa kuliko kikiwa kazini, na wanaokiharibu ni wawili: maji ya mvua na jua.

Maji ya chumvi hayaozeshi ubao kwa urahisi, kwa sababu kuvu wanaokula mbao hawastawi penye chumvi. Maji ya mvua ni kinyume chake. Yanatuama kwenye ngama, yanajificha kati ya mataruma na mbao za ubavu, na masika yakiisha unakuta ubao unabonyea kwa kidole. Upande wa juu jua nalo linafanya kazi yake: mbao zinakauka na kusinyaa, nyufa zinafunguka, pamba ya kalafati inalegea. Mashua iliyoachwa wazi tangu Aprili hadi Septemba itamtaka fundi kabla haijarudi majini. Kwa familia inayokula kutokana na chombo kimoja, wiki za ukarabati mwanzoni mwa msimu mzuri ni wiki zisizo na kipato.

Dawa yake ni turubai lililoshonwa kwa kipimo cha chombo chenyewe. Mtu yeyote anayeweza kushona suruali ya shule anaweza kulishona, na hata asiye na cherehani anaweza kwa sindano ya mkono. Wazee wetu wa pwani hii walishona si matanga tu bali hata chombo kizima: mtepe ulikuwa mbao zilizofungwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Kushona kifuniko ni kazi ndogo mbele ya hiyo.

Kifuniko ni paa, si mfuko

Jambo hili likieleweka, mengine yote yanafuata. Wengi hununua turubai, wakalitandaza juu ya mashua, wakalifunga kwa kamba pande zote hadi likakaza, wakaondoka wakiwa wameridhika. Mvua ya kwanza inatua katikati na kufanya bwawa. Tufanye hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, na lita 1 ina uzito wa kilo 1. Mashua ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 2 ina nafasi ya karibu mita 10 za mraba ukiitazama kutoka juu. Usiku mmoja wa mvua ya milimita 40 utaiangushia lita 400, yaani mitungi 20 ya lita 20. Hata robo ya maji hayo ikituama juu ya turubai, kitambaa kitanyooka, kamba zitakatika au mshono utaachia, na maji yote yatamwagika ndani kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo kifuniko lazima kiwe na mgongo na mteremko, kama paa la makuti. Tena, kama paa, lazima kiache hewa ipite. Chombo kilichofungiwa kabisa hutoa jasho: unyevu wa mbao unapanda mchana, unagota kwenye turubai, unarudi chini usiku. Ndani panakuwa joto, giza na unyevunyevu, na kuvu hawahitaji zaidi ya hapo. Nikilazimika kuchagua kati ya kifuniko kinachovuja kidogo lakini kina hewa, na kisichovuja kamwe lakini kimeziba, nitachukua cha kwanza.

Kitambaa na uzi

Turubai jepesi la plastiki, lile la buluu linalouzwa madukani likiwa limekunjwa, ni rahisi kulipata na linazuia maji siku ya kwanza. Lakini jua la pwani hulila haraka. Likishaanza kutoa vipande vidogo kama magamba, limekwisha. Halifai kushonwa, kwa kuwa linachanika kwenye tundu za sindano. Litumie kwa dharura tu.

Turubai la lori, lile zito lililopakwa plastiki pande zote mbili, lina nguvu na halipitishi maji kabisa. Kasoro yake ni uzito na kutokupumua. Ukilitumia, ongeza nafasi za hewa omo na tezi.

Turubai la pamba, au la pamba iliyochanganywa na poliesta, ndilo ninalolipendekeza kwa mashua ya mbao. Linapumua. Tena lina tabia nzuri: nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba vitundu, kwa hiyo kitambaa kilichofumwa vizuri hukaza chenyewe mvua inaponyesha. Lina masharti mawili. La kwanza, pamba husinyaa. Kabla ya kukata chochote, loweka jora lote katika maji baridi, lianike, kisha ndipo upime. Ukiruka hatua hii, kifuniko kilichokaa sawasawa mwezi wa Machi hakitafika ukingoni mwezi wa Mei. La pili, pamba ikikunjwa ikiwa mbichi huota ukungu na kuoza. Hapo ni suala la utunzaji, nitalirudia.

Mashua za starehe zinazotia nanga Kilifi na Mtwapa nyingi huvaa kitambaa cha akriliki ambacho rangi yake imetiwa ndani ya uzi kabla ya kufumwa. Kinavumilia jua kwa miaka mingi na ni chepesi. Bei yake ni kubwa, lakini ukipata mabaki yake kwa bei nafuu, usiyaache.

Sasa uzi, ambao watu huudharau. Kifuniko karibu kila mara hufa kwenye mshono kabla kitambaa hakijafa, kwa sababu uzi uko juu, juani, na ni mwembamba. Uzi wa pamba wa kushonea mashati hautamaliza msimu. Nailoni ina nguvu siku ya kwanza lakini jua huidhoofisha mapema kuliko poliesta. Tafuta uzi mnene wa poliesta, ule wanaotumia mafundi wa makochi na viti vya magari. Ukiwa na shaka kama uzi uliouziwa ni wa pamba, choma ncha yake: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, lakini poliesta na nailoni huyeyuka na kufanya kishanga kigumu.

Kupima juu ya chombo

Simamisha mashua sawasawa kwa magogo, isilale upande. Foromali na tanga vishushwe na kuwekwa kando. Tanga lina kifuniko chake, tutakifikia. Mlingoti tuuache umesimama, maana ndivyo mashua nyingi zinavyokaa.

Chukua mwanzi mnene au mti mwepesi ulionyooka uwe mti wa mgongo. Ncha moja ifunge kwenye mlingoti, nyingine iweke juu ya panda la mti lililosimamishwa tezi. Mgongo huu uwe juu ya ukingo wa mashua kwa sentimita 60 hivi. Mbele ya mlingoti weka mti mwingine mfupi unaoteremka hadi kichwa cha omo. Ncha zote na kila fundo lenye makali vizungushie kitambaa kuukuu, kwa sababu turubai likisuguliwa na upepo usiku kucha mahali pamoja litatoboka hata liwe zito namna gani.

Halafu chukua kamba au leso mbili zilizounganishwa, zipitishe juu ya mgongo kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, zining'inie sentimita 25 chini ya ukingo kila upande. Hapo ndipo unapopima kwa tepu. Pima kwenye upana mkubwa kabisa, kisha kila mita moja kuelekea omo na kuelekea tezi. Andika namba hizo kwenye mchoro mdogo. Usikubali kutumia vipimo vya mashua ya jirani hata kama mlijengewa na fundi mmoja. Vyombo vyetu hujengwa kwa jicho, na hakuna viwili vilivyo sawa.

Tuchukue mfano wa mashua yetu ya mita 6 kwa 2, mlingoti ukiwa mita 2 kutoka omo. Kutoka mgongoni hadi ukingoni ni kama mita 1.17. Ongeza sentimita 25 za kuning'inia, inakuwa mita 1.42 kila upande, jumla mita 2.84. Pindo la sentimita 5 kila upande linatufikisha mita 2.94, kwa hiyo kata vipande vya mita 3.

Vipande hivyo vipite kukingama na chombo, yaani kutoka ubavu hadi ubavu juu ya mgongo. Wengi huona rahisi kushona vipande virefu kutoka omo hadi tezi, lakini hivyo mshono mmoja huangukia mgongoni ambapo mti unausugua, na mishono mingine hulala katikati ya mteremko ambapo kila tone la mvua lazima livuke juu yake. Vikipita kukingama, maji hutiririka sambamba na mshono hadi chini bila kuuvuka, na mgongoni hakuna mshono wa urefu.

Kwa sababu ya mlingoti, tunashona vifuniko viwili. Cha nyuma kinatoka mlingotini hadi tezi, mita 4, pamoja na sentimita 30 za kuzidi nje ya tezi. Jora la upana wa mita 1.5 litahitaji vipande vitatu. Cha mbele kinafunika mita 2 za omo, sentimita 30 za kuzidi mbele, na sentimita 30 nyingine zinazopita nyuma ya mlingoti na kulala juu ya kifuniko cha nyuma. Vipande viwili vinatosha. Jumla ni vipande vitano vya mita 3, yaani mita 15 za kitambaa. Omo ni nyembamba, kwa hiyo pembe utakazokata hapo zitatosha kwa viraka vyote vya kuimarisha. Kama jora lako ni jembamba kuliko mita 1.5, gawa upya kwa kukumbuka kwamba kila mshono unakula sentimita 4 za upana.

Kifuniko cha mbele kulala juu ya cha nyuma ni kama kuti la juu linavyolala juu ya la chini, ila hapa tunaufikiria pia upepo. Mashua iliyotia nanga huelekeza omo upepo unakotoka, kwa hiyo upepo utapita juu ya maungio bila kuyafumua. Kama yako itapandishwa ufuoni tezi ikitazama kusi, geuza mpango: cha nyuma ndicho kipite juu. Amua hili kabla ya kukata.

Kushona

Tafuta sakafu pana ya saruji iliyofagiwa. Hapo ndipo pa kutandaza na kuchora kwa chaki ya fundi. Kuchora juu ya mchanga hakutakupa mstari ulionyooka.

Cherehani ya kawaida ya miguu, zile nyeusi za chuma, ina nguvu ya kutosha kuliko wengi wanavyodhani. Tia sindano nambari 18. Ongeza umbali kati ya tundu na tundu hadi milimita 4 au 5, kwa maana ukishona tundu za karibu karibu utakitoboa kitambaa mstari mzima kama ukingo wa stempu, nacho kitachanika papo hapo. Kabla ya kuanza, shona kwenye mabaki, tabaka nne, utazame pande zote mbili. Uzi wa juu ukionekana umenyooka kama waya na wa bobini unajitokeza, legeza skrubu ya kukaza uzi. Dakika kumi za majaribio haya hazipotei.

Mshono wetu ni ule wa kukunja, kama ulio ndani ya mguu wa suruali ya jinzi. Weka vipande viwili, nyuso nzuri zikitazamana. Cha chini kizidi cha juu kwa sentimita 1. Shona mstari wa kwanza sentimita 1.5 kutoka ukingo wa kipande cha juu. Sasa ule ukingo uliozidi ukunje juu ya mwenzake ili uufunike, fungua kitambaa kilale, halafu mkunjo wote ulaze upande mmoja na ushone mstari wa pili karibu na mwisho wake. Utakuwa na mistari miwili ya uzi na hakuna ukingo mbichi unaoonekana. Mkunjo ulale kuelekea tezi ili upepo usiuingie kwa chini.

Mahali mshono unapokutana na pindo kutakuwa na tabaka nyingi. Usilazimishe cherehani kwa miguu, utavunja sindano. Gonga mkunjo kwa nyundo juu ya ubao hadi ulainike, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine.

Pindo likunje sentimita 1, halafu 4. Ndani yake pitisha kamba ya milimita 6, kama tanga linavyotiwa kamba pembeni. Kamba hiyo ndiyo itakayobeba nguvu ya upepo badala ya kitambaa.

Asiye na cherehani atumie sindano nene ya matanga yenye ncha ya pembe tatu, au atoboe kwanza kwa msharasi. Uzi uvute juu ya nta ya nyuki mara mbili tatu. Utateleza vizuri na hautachukua maji. Subana ya kidoleni haitoshi kwa turubai. Kata kipande cha ngozi ya kiatu kuukuu, kizungushe kiganjani na kukifungia nyuma ya mkono, na usukumie sindano hapo. Kazi ya mkono ni ya polepole, pengine ya wiki nzima jioni kwa jioni, lakini mshono wake wa nta ni wa kudumu na ni rahisi kuurudia ukikatika.

Mlingoti na vitanzi

Kwenye kifuniko cha mbele, weka alama pale mlingoti unapopita. Kata mpasuo kutoka ukingo wa nyuma hadi kwenye alama, kisha tundu la duara dogo kuliko mlingoti. Kuzunguka tundu hilo shona kwanza kiraka cha tabaka mbili, halafu kola: ukanda wa kitambaa wa kimo cha sentimita 15 unaosimama kuuzunguka mlingoti kama shingo ya kanzu, ukifungwa kwa kamba. Bila kola, maji yanayoshuka na mlingoti yataingia yote ndani, na hayo si kidogo. Mpasuo ufunike kwa ulimi wa kitambaa wa upana wa sentimita 10 na uufunge kwa vikamba vitatu. Mvua itakayopenya hapo itaangukia juu ya kifuniko cha nyuma.

Kwa kufungia, pete za shaba zilizogongwa kwenye kitambaa hupendeza, lakini hung'oka zikivutwa upande mmoja. Pete za chuma usizitie kabisa: kutu yake hukila kitambaa kikaacha tundu la kupitisha ngumi. Mimi napendelea vitanzi vya ukanda wa begi, upana wa sentimita 2.5, kila baada ya nusu mita. Kila kitanzi kishikwe kwa mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, na nyuma ya pindo kuwe na kiraka.

Usipigilie misumari kwenye mbao za mashua ili upate pa kufungia. Kila msumari ni mlango wa maji. Zungusha kamba moja imara nje ya chombo, chini ya ukingo, kutoka omo hadi tezi pande zote mbili, na vitanzi vyote vifungwe kwenye kamba hiyo. Kati ya kitanzi na kamba tumia vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, ile blada ya kufungia mizigo ya baiskeli. Dhoruba ikija, mpira utanyooka na kurudi, na ikizidi utakatika mpira wa bei ndogo badala ya kuchanika kitambaa chako. Mahali pasipo pa kufungia, ning'iniza chupa za plastiki zilizojaa maji. Uzito wake unatosha kukaza pindo.

Omo na tezi, chini ya mgongo, acha mianya ya upana wa viganja viwili. Zile sentimita 30 za kuzidi ndizo zitakazoikinga mvua isiingie. Hewa iingie upande mmoja itoke wa pili.

Tahadhari moja ya usalama: petroli ya mashine isihifadhiwe chini ya kifuniko. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama kwenye ngama, na cheche moja inatosha. Tangi liende nyumbani au kwenye ghala la chama.

Tanga lenyewe

Tanga lililokunjwa kwenye foromali na kuachwa juani linaungua upande mmoja, ule wa juu, na hulijui hadi siku linapopasuka mkiwa safarini. Kifuniko chake ndicho rahisi kuliko vyote, na anayeanza kujifunza heri aanze nacho. Zungusha kamba kuzunguka tanga lililokunjwa mahali lilipo nene, upime, uongeze sentimita 20. Huo ndio upana. Urefu ni wa tanga lililokunjwa na nusu mita zaidi. Ni mstatili tu wenye pindo pande zote na vikamba vya kufungia. Vikamba vikae upande wa chini na pindo mbili zisigusane kabisa hapo, ili maji yatoke na hewa ipite. Tanga lirudishwe ndani yake likiwa kavu.

Kutunza

Kila baada ya mwezi suuza kifuniko kwa maji ya kisima au ya bomba. Chembe za chumvi zilizokauka husugua nyuzi kama msasa, tena huvuta unyevu usiku. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia kwenye turubai la pamba lililotiwa dawa ya kuzuia maji, itaiondoa dawa. Brashi laini na maji vinatosha. Mshono ukianza kuvuja, sugua mshumaa au nta juu yake juani hadi iingie kwenye tundu.

Kabla ya kulikunja na kuliweka, lianike hadi likauke kwenye mikunjo ya pindo pia, ambapo mkono hausahihishi unyevu mpaka uipekue. Liweke juu ya dari, mbali na panya.

Mwanzoni mwa kila kaskazi, vuta uzi wa mshono wa juu kwa ukucha. Ukikatika kwa urahisi, pitisha mstari mpya kando ya ule wa zamani; kazi ya saa mbili inakuongezea miaka. Tundu dogo litiwe kiraka siku hiyohiyo, kwa upande wa juu na wa chini, pembe za kiraka zikiwa za mviringo maana pembe kali hubanduka kwanza.

Kwa mafundi cherehani

Somo hili linawahusu pia mafundi wa nguo, hasa akina mama wanaoshona sare za shule na kanzu na ambao kazi hupungua shule zikifungwa. Wenye mashua wapo kila kijiji cha ufuo, na kabla ya masika ndipo wanapohitaji. Ukipokea kazi, nenda ukapime chombo mwenyewe, usipokee vipimo kwa simu. Tenganisha bei ya kitambaa na bei ya kushona, na kitambaa kilipiwe kabla ya kukatwa, kwa kuwa turubai lililokatwa kwa mashua moja halitamfaa mteja mwingine. Mwenye chombo akikuambia hana haja ya mgongo wala nafasi za hewa, mweleze kwa upole hesabu ile ya mitungi 20.

Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) vinaweza kununua jora zima pamoja na kugawana, jambo linalopunguza bei kwa mita na kuacha mabaki machache. Anayetaka kujifunza kwa kuona aulize katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye kama darasa la ushonaji lina cherehani nzito, na aende na kipande cha turubai na uzi wake mwenyewe wa kujaribia. Wakati mzuri wa kuanza ni Januari au Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, ili kitambaa kipate siku za jua za kulowekwa na kukauka na kazi iwe imekwisha mvua za Aprili zikifika.